Mwendo Uliofukuliwa

Nilishtuka tangu langoni, hata mkoba sijauweka chini. Kilio kilikuwa kimya. Maturubai mawili ya buluu yalikuwa yamefungwa barabarani kule mtaa wa Katuba, viti vya plastiki vimepangwa mistari kama darasani, na watu wameketi mikono mapajani wakisikiliza nyimbo za kanisa kutoka kwenye spika. Nilitazama huku na huku nikitafuta bibi aliyevaa suruali ya kiume, kijana aliyejipaka unga usoni, mtu yeyote aliyekaa katikati ya njia na mwiko mkononi akiwazuia watu wasipite mpaka wacheke. Hakuna. Marehemu aliyelala ndani ya nyumba ile, Nkambo, alikuwa amewachekesha watu wa Lubumbashi tangu mimi ni msichana, kwenye majukwaa ya parokia, kwenye ukuta wa sinema na kwenye televisheni, na leo hakuna hata mmoja aliyeonyesha meno. Nilimwuliza msichana aliyekuwa akigawa maji waliko wajukuu: "Bajukulu beko wapi?" Akanijibu polepole, kama anayeongea na mgonjwa: "Mama, pasta alikatala. Anasema ile ni bintu ya bapagano. Na tena Nkambo hakuzalaka, mujukulu atatoka wapi?" Nilikaa kwenye kiti cha kwanza kilichokuwa karibu. Baba yangu, ambaye naye amekwisha kufa zamani, alimtamkia mwanamke yule maneno mbele ya macho yangu, kwamba siku atakayokufa hakuna mtu atakayemwiga. Miaka yote nilijiambia kwamba yalikuwa maneno ya hasira tu. Sasa nilikuwa nimekaa katikati ya maneno hayo, kwenye kiti cha plastiki.

Kwa asiyejua mambo ya kwetu, lazima nieleze. Mtu mzima akifa, wajukuu ndio wenye ruhusa ya kumfanyia mzaha, wajukuu wa damu na hata wale wa kimila, waliotoka upande mmoja wa nchi na marehemu. Mmoja hufunga kitenge cha marehemu, huchukua fimbo yake, akatembea kama alivyotembea, akakohoa kama alivyokohoa, akagombeza watu kama alivyowagombeza, mpaka wafiwa wanacheka huku machozi yanawatiririka. Kwetu, kuzikwa bila kuigwa ni aibu kubwa, kana kwamba hakuna mtu aliyewahi kukutazama. Lakini ruhusa ile ina mwisho wake. Kaburi likishafukiwa, mwendo wa marehemu nao umefukiwa, na hakuna anayeruhusiwa kuutembea tena. Hilo kila mtoto wa Katanga analijua. Léonie alilijua kuliko wote.

Ndiyo, jina lake lilikuwa Léonie. Naliandika mapema kwa sababu mji mzima ulimwita Nkambo, yaani bibi, tangu alipokuwa na umri wa kuitwa dada. Kabla yake, katika michezo ya jukwaani, wanawake walichezwa na wanaume waliojifunga vitenge na kujaza nguo kifuani, na watu walicheka kwa hilo tu. Papa Gaspard, mwalimu wa shule aliyekuwa kiongozi wa kundi letu la michezo, mtu mwenye asili ya Kasai, mrefu na mwenye maneno mengi, alimkuta Léonie kwenye kilio. Msichana yule alikuwa akimwiga bibi mmoja aliyekufa, na alimwiga sawasawa kiasi kwamba mume wa marehemu, mzee wa watu, alisahau akamwambia, "Niletee maji ninawe." Papa Gaspard alisimulia habari ile kila alipopata mtu wa kumsikiliza. Kesho yake alikwenda kumwomba Léonie kwa wazazi wake kama mtu anayeposa, na ndivyo mwanamke wa kwanza alivyopanda jukwaa letu. Hakuwahi kupewa nafasi ya msichana mrembo. Tangu siku ya kwanza alicheza vikongwe: mama mkwe mchokozi, mjane kipofu, bibi anayejifanya kiziwi ili asikie siri za nyumba.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa na miaka kumi na minane, nami ndio kwanza nimeingia kundini kucheza nafasi ya mkwe, yule anayeteswa. Nilikuwa nimemwona Nkambo jukwaani mara nyingi, nikamwogopa. Papa Gaspard aliponipeleka chumbani kwa Nkambo, mtaa wa Kamalondo, ili tufanye mazoezi, mlango ulifunguliwa na mwanamke kijana mwenye nywele zilizosukwa vizuri, shingo ndefu, blauzi ya njano. Nikamsalimu, nikamwuliza kama Nkambo yumo ndani. Alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. "Ni miye," akasema. "Ingia, mutoto. Bukari itapoa." Sikuamini. Nilipita kando yake nikachungulia nyuma ya pazia la kitanda, nikitafuta yule mzee niliyemjua. Nyuma ya pazia kulikuwa na fimbo tu, fimbo nyingi, zimeegemezwa ukutani, na vitenge vilivyochakaa vimetundikwa kwenye misumari. Harufu ya ugoro na dawa ya kusugua viungo ilitoka kwenye vile vitenge, na hiyo ndiyo harufu ya wazee wote wa mji ule. Nilikaa mkekani nikiwa bado nimeduwaa.

Tulikula pale mara nyingi mwaka ule. Bukari, yaani ugali wetu, sombe ya majani ya muhogo iliyotiwa karanga, siku nyingine samaki wadogo wakavu waliokaangwa na nyanya, na jagi la munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi chenye uchachu, ambacho Léonie alikipika mwenyewe. Alikuwa na namna moja ya kula ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Akishakata tonge na kulifinyanga, aliliinua mbele ya uso, akafumba jicho la kushoto, akalitazama kwa lile jingine kama anayetia uzi kwenye tundu, ndipo akachovya. Kila tonge. Papa Gaspard hakuchoka kumtania: "Léonie! Unatafuta nini mu bukari, sindano?" Naye kila mara alishangaa kwa dhati, akimwita mwongo. "Nafanyaka nini? Bongo yako! Miye nakula tu kama bantu." Mwanamke aliyeona kila kitu kwa wengine, goti linalovutwa, kidole kinachokwaruza kitambaa, hakuwa akijua kitu hata kimoja kuhusu mwili wake mwenyewe. Nilimwuliza siku moja mbona hana kioo chumbani. Akasema kioo kinamchanganya, maana anamwona mtu ambaye hajui kumcheza.

Mvua za kwanza za mwaka ule zilipoanza, bibi yangu mzaa baba alifariki. Alikuwa mtu wa Lukafu, alikuja mjini amekwisha kuwa mtu mzima, na mpaka mwisho alilima kipande cha lupango letu, yaani ua wa nyumba, kana kwamba ni shamba. Hakukubali kamwe kupigwa picha. Mpiga picha akipita mtaani, alijificha nyuma ya mlango akisema sura yake inawatosha walio nayo nyumbani. Alikuwa akivuta kidogo mguu wa kulia, na alikuwa na kikohozi cha mara mbili, cha kwanza kidogo, cha pili kikubwa. Na kabla hajaingia nyumba yoyote, hata yetu, alisimama kizingitini, akagusa fremu kwa mgongo wa mkono kama anayepima joto la chungu, akasema kwa sauti: "Mufunike bintu, niko naingia!" Maana yake, kama mnasengenya, kama mnakula nyama mkanificha, malizeni, nakuja. Watoto wa mtaa walimpenda kwa neno lile. Kila mlango ulifunguliwa kwa kicheko.

Kwenye kilio chake Léonie alikuja. Wazazi wake walikuwa watu wa Lukafu, hivyo alikuwa mjukuu kwa mila, mwenye haki zote. Alimtazama marehemu tu, akauliza wamama wawili watatu maneno machache jikoni, akafunga kitenge. Alipotokea kizingitini na kukohoa mara mbili, nywele zilinisimama. "Mufunike bintu, niko naingia!" Baba yangu, mtu mkavu, fundi wa karakana ya shaba ambaye sikumbuki alicheka lini nyumbani, alicheka mpaka akapiga magoti chini, na kutoka kwenye kicheko akaingia kwenye kilio bila kupumzika katikati. Baadaye alimshika Léonie mikono yote miwili akamwambia, "Aksanti, mujukulu. Ulimupeleka muzuri." Kesho yake tukazika, na mambo yakafungwa.

Miezi ya mvua ikapita. Padre mmoja mzungu aliyekuwa na kamera alimwambia Papa Gaspard kwamba anataka kutengeneza filamu ya kufundisha watu wa parokia: mwana anaoa, mama mkwe ni mchawi, anamla mkwe polepole bila mtu kumshuku, na mwishoni anafichuka. Mimi nilikuwa mkwe. Léonie, nani mwingine, alikuwa mama mkwe. Kamera ile haikushika sauti. Picha ingetembea ukutani kimya, na sisi wachezaji tungesimama kando ya ukuta gizani tukitoa maneno kwa vinywa vyetu wenyewe. Kwa hiyo tulijifunza maneno pamoja, lakini mara nyingi tulipigwa picha kila mtu kivyake. Sehemu za Léonie peke yake, kuingia na kutoka, zilichukuliwa kwenye nyumba ya misheni nje ya mji siku ambazo mimi sikuwepo. Kisha mkanda ukapelekwa Ulaya kuoshwa. Kwenye mazoezi Léonie alisema maneno yake kwa sauti ya kawaida tu, bila kitu ndani, na neno la kuingilia aliliruka, akitwambia analiweka kwa siku yenyewe.

Siku moja, kabla kamera haijaanza kazi, nikiwa nje nasubiri waniite, niliwasikia wakibishana chumbani. "Mulozi wa namna gani?" Léonie aliuliza. Papa Gaspard akamwambia mchawi ni mchawi, akunje uso, atoe meno. "Apana," akasema Léonie. "Ule wa kutoa meno, nani atamufungulia mulango? We ungemufungulia?" Papa Gaspard akauliza, "Basi utamucheza nani?" "Usiniulize ni nani. Nilishapata." Nilisikia akimimina munkoyo, nao wakahamia kuzungumzia bei ya makaa. Sikutilia maanani hata kidogo.

Mkanda uliporudi, filamu ilionyeshwa Jumapili baada ya misa ya pili. Madirisha ya ukumbi wa parokia yalizibwa kwa mablanketi, watu wakabanana kwenye mabenchi, watoto wakakaa chini mbele. Baba yangu alikuja na wadogo zake, amevaa koti lake la Jumapili, kwa sababu binti yake alikuwa ndani ya sinema na hilo halikuwa jambo dogo. Mimi na Léonie tulisimama bega kwa bega kando ya ukuta. Hakuna kati yetu aliyekuwa ameiona picha ile, hata Papa Gaspard. Mashine ikaanza kunguruma. Nikajiona ukutani, mkubwa, nikipepeta unga, nikaona haya kufa. Watu wakapiga kelele wakaniita jina. Halafu mlango wa nyumba ya ukutani ukafunguka kidogo, mwanga wa nje ukaingia, na bibi yangu akaja.

Sijui niandikeje hapa. Sisemi mtu aliyefanana naye. Nasema bibi yangu, niliyemwona akishushwa kaburini na kutupiwa udongo, alikuja kutoka kwenye mwanga akivuta mguu wa kulia, akafika kizingitini, akainua mkono akagusa fremu kwa mgongo wake. Kifua chake kikapanda mara mbili, kidogo kisha kikubwa. Na papo hapo sikioni mwangu, gizani, kutoka kwa mtu aliyesimama kando yangu, sauti yake ikasema: "Mufunike bintu, niko naingia!" Nilipiga ukelele. Haukuwa kwenye mchezo. Kwenye mabenchi mtu mmoja akacheka, aliyezoea neno lile, kisha akanyamaza ghafla kama aliyezibwa mdomo. Benchi likaanguka. Niliona kivuli cha baba kikisimama kwenye mwanga wa mashine, kikakata ukuta katikati, na juu ya mgongo wa koti lake mama yake aliendelea kutembea, akaenda kwenye chungu cha mkwe, akatia kitu ndani, akatabasamu.

"Zima!" Baba alipiga kelele. "Zima ile kintu!" Mablanketi yakavutwa, jua likaingia, watoto wakaanza kulia. Baba alikuja mpaka mbele ya Léonie. Nilidhani atampiga. Hakumpiga, na nilitamani ampige, ingekuwa nafuu. Alisema taratibu, kila mtu akasikia: "Tulizika. Ulikuya pale, ulikula ku kilio yetu, nikakuita mujukulu. Na we ukaenda kumufukula mama yangu. Ukamufanya mulozi mbele ya bantu." Léonie alifungua mdomo. Baba akainua kidole. "Nyamaza. Sikiliza. Siku utakufwa, hakuna muntu atakuiga. Hakuna. Utaenda kimya kama mbuzi." Wamama walishika vichwa. Hakuna aliyewahi kusikia mtu akimtamkia mwenzake neno kama lile, wala mimi sijalisikia tena tangu siku ile. Léonie, mwanamke ambaye uso wake ungeweza kuwa wa mtu yeyote, hakuwa na uso kabisa. Alinitazama mimi, kisha akatoka kwa mlango wa nyuma akiwa amevua viatu.

Nilikwenda kwake kesho yake nikiwa na hasira ambayo sijui iliingiaje katika mwili mdogo vile. Nilimkuta amekaa mkekani, sufuria haijawekwa motoni. Nilimwambia kila neno baya nililolijua. Alinisubiri nikamaliza. "Odile," akasema, "nilitafuta mu kichwa bamama bote ba huu muji. Nilitafuta muntu mwenye kila mulango iko inamufungukia. Mulozi ya kweli njo vile, shi unajua? Anaingia mwenye unapenda. Nikaona hakuna mwenye bantu banapenda kama nkambo wako." Akafuta pua kwa mkono. "Nilimuchagua sababu alikuwa muzuri, hapana sababu alikuwa mubaya. Lakini nilisahau bantu bataona mulozi tu." Kilichonishtua ni kwamba nilimwelewa. Nilikuja kumchukia, na nilimwelewa, na kabla ya wiki kwisha nilikuwa nimerudi kwake kwa siri.

Mtaa haukumwelewa. Papa Gaspard, ambaye aliogopa watu kuliko Mungu, alimwambia apumzike kidogo, na kila mtu alijua kupumzika kule ni nini. Nafasi zake alizichukua mwenyewe, amejifunga kitenge kama wanaume wa zamani, na watu hawakucheka. Familia zenye wazee ziliingiwa na hofu. Léonie akipita, mabinti waliwavuta mama zao ndani, wasije wakaibiwa mwendo wakiwa bado hai. Nilimwona kwa macho yangu bikizee mmoja wa soko la Kenya, ule mtaa wa hapo mjini, aliyechechemea mguu wa kushoto maisha yake yote, alipomwona Léonie akitokea kwenye kona akaanza kuchechemea mguu wa kulia. Ningecheka, lakini Léonie naye aliona. Alirudi nyumbani, akachukua fimbo zote nyuma ya pazia, akazivunja moja moja akapikia.

Siku fimbo ya mwisho ilipokuwa motoni, baba yangu alibisha hodi. Ilikuwa mchana, nilikuwa mle ndani, na nyumbani nilikuwa nimeaga kwamba nakwenda kwa mshonaji. Sikuwa na pa kujificha. Baba hakunitazama hata. Alisimama kizingitini amekamata kofia. "Ile film iko wapi?" akauliza. Léonie akasema iko kwa padre. Nilijua amekuja kuichoma. Alitwambia twende, tukamfuata nyuma wote wawili, yeye mbele na mabega yake, na njia nzima hakusema kitu. Padre alitupokea amebadilika rangi. Baba akamwambia kwa adabu kubwa: "Mon père, naomba unionyeshe. Kipande ya mulango tu."

Mablanketi yakatundikwa tena. Ukumbi ulikuwa mtupu, mabenchi yamepangwa ukutani, na sisi watatu tukasimama katikati kama watu waliochelewa misa. Bibi akaja kutoka kwenye mwanga. Akavuta mguu, akagusa fremu, akakohoa bila sauti. Mashine ikasimama. "Tena," akasema baba. Padre akarudisha. Bibi akaja tena. Baba alikuwa amesogea karibu na ukuta kiasi kwamba alikuwa akimtazama kwa chini, kama mtoto. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba nyumbani hatukuwa na picha yake, hata moja, na kwamba tangu mazishi nilikuwa nimemwona baba mara nyingi akisimama mlangoni bila sababu. Baba akageuka, uso umelowa wote, akamwambia Léonie: "Na sauti. Bila sauti hapana yeye." Léonie alikwenda kusimama mahali pake kando ya ukuta. Picha ilipokuja, akasema neno lile, na baba yangu, mtu mzima mwenye ndevu zenye mvi, akajibu gizani kwa sauti ya mtoto mdogo: "Ingia, mama, tulishafunika." Nilitoka nje. Sikuweza kukaa mle.

Alipotoka alivaa kofia yake, akasema "aksanti" kwa padre na "aksanti" kwa Léonie, akaenda zake kazini. Jumapili iliyofuata alimsalimu Léonie kwa mkono mbele ya kanisa zima, na Papa Gaspard, aliyekuwa akichungulia, akamrudisha kundini kabla ya jua kuzama. Lakini yale maneno baba hakuyaondoa. Maneno namna ile huondolewa na aliyeyatamka, kwa mdomo wake, mbele ya watu. Labda alidhani kusalimu kunatosha. Labda alisahau. Sisi tulikuwa vijana, kufa kulikuwa mbali, hatukumkumbusha. Mkanda wenyewe ulipotea padre aliporudi kwao.

Léonie alicheza miaka mingi baada ya hapo, sana sana kwenye televisheni, na hakuchukua tena mwendo wa mtu mmoja. Alichanganya, mguu wa huyu, kikohozi cha yule, ili mtu asije akamtambua wa kwake. Na alipozeeka kweli, mgongo ukapinda wenyewe, kijana mmoja mwenye kuongoza michezo ya siku hizi alimwambia kwamba haonekani mzee vya kutosha, afanye zaidi. Alinisimulia hilo kitandani hospitalini, mwaka jana, tukacheka mpaka muuguzi akaja. Kisha akaniuliza, "Odile, baba yako aliondoaka ile maneno?" Nikamwambia hapana. "Eh," akasema. "Basi nitaenda kama mbuzi." Akageukia ukuta, akalala.

Ndiyo maana pale Katuba sikuweza kukaa kwenye kiti. Nilisimama, kwani nami ni mtu wa Lukafu, mjukuu kwa mila, nikafunga kitenge changu juu ya gauni, nikaingia katikati ya mistari ya viti. Nilivuta mguu kama yule mama mkwe aliyemcheza kwenye televisheni. Watu wakainua vichwa, mmoja akanong'ona, "Ile ni Nkambo wa mu télé." Nikajaribu mjane kipofu. Nikajaribu bibi kiziwi. Wakatambua wote, wakatikisa vichwa kwa heshima, na hakuna aliyecheka, kwa sababu wale walikuwa watu wa michezo, hawakuwa yeye. Nikasimama kutafuta mwendo wake mwenyewe, wa kwenda sokoni, wa kwenda chooni. Sikuupata. Nilishtuka kuliko siku ile ya ukumbini. Urafiki wa maisha mazima, na sikujua rafiki yangu alitembeaje! Pasta alinishika kiwiko kwa upole akanirudisha kwenye kiti, akidhani nimezidiwa na msiba, na msichana wa maji akaniletea sahani ya bukari na sombe ili nipate nguvu.

Nilikata tonge. Sikufikiri. Nililiinua mbele ya uso wangu, nikafumba jicho la kushoto, nikalitazama.

Kutoka safu ya mbele, ambako walikuwa wamemketisha Papa Gaspard kwenye kiti cha magurudumu, mzee wa miaka tisini ambaye waliniambia hasikii wala hatambui mtu, ikatoka sauti ya mwalimu wa shule: "Léonie! Unatafuta nini mu bukari, sindano?" Akacheka. Kicheko chake kilikuwa kikubwa, kilimkohoza. Mama mmoja nyuma yangu, jirani wa Léonie wa zamani kule Kamalondo, akapiga makofi akalia kwamba ndiye, "Yesu wangu, njo yeye! Njo yeye kabisa!" na mwingine akachukua tonge lake akafumba jicho, na mwingine, mpaka safu nzima ya wazee ilikuwa imeinua matonge hewani, wakicheka, mashavu yamelowa. Mtu alizima spika. Pasta alisimama amekamata Biblia yake, hakujua aanzie wapi.

Msichana wa maji aliinama sikioni mwangu. "Mama," akauliza, "Léonie njo nani?" Nikafumba jicho tena, nikamwonyesha.